Kiboko Katika Miwa ya Danson

Watu wa Mbololo ya chini wakimtaja Danson, huanza na kiboko. Mimi huwa nakereka. Kiboko yule alikaa kwetu msimu mmoja tu wa mvua kisha akaenda zake, wala hakuwa na kosa lolote isipokuwa njaa. Watoto walipomwendea Danson uzeeni awasimulie habari zake, kwanza aliwauliza hali za ndugu zao, mmoja mmoja kwa jina, na hakufungua kinywa kuhusu kiboko mpaka ajibiwe. Walidhani ni uzee. Haukuwa uzee.

Jina langu ni Nzembi, mama yake Mutiso, na mimi ni Mkamba, jambo ambalo Danson hakuacha kunitania nalo mpaka mwisho. Mume wangu, Kimeu, alikuwa kibarua katika genge la reli pale Voi, na Danson ndiye aliyekuwa nyapara wao. Alipostaafu, Danson alirudi kwenye shamba la baba yake kando ya mto, akatuombea kwa wazee wa kwao kipande cha kulima upande wa pili, tukawa majirani. Kwa hiyo nitakayoyasema sikuyaokota sokoni. Mengi niliyaona nikiwa nimesimama na jembe mkononi, na mengine nilielezwa na mkewe, Alice, tukichota maji.

Danson alikuwa mtu wa mpango. Hata baada ya kuacha kazi alifunga vifungo vyote vya shati lake la kaki, na filimbi ya genge ilibaki shingoni. Mahindi aliyapanda kwa kamba. Mstari ukienda kombo aling'oa miche na kuanza upya. Alikuwa mkarimu, mcheshi, mzee wa kanisa anayefika kabla ya kengele. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kufanya jambo mpaka kila kitu kiwe tayari. Reli ilimfundisha kwamba gari moshi haliondoki mpaka bendera ipepee, naye akayabeba mafundisho hayo mpaka nyumbani, ambako hakuna wa kupeperusha bendera.

Kaka yake mkubwa, Mwandawiro, aliishi Mghange, huko juu kwenye ukungu, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Walikuwa hawasemezani tangu baba yao afariki, miaka michache baada ya vita vya Hitler. Mwandawiro alitaka mambo yafanywe kama zamani: mzee azikwe, na muda ukitimia kichwa chake kitolewe kikakae pangoni pamoja na vichwa vya wazee waliomtangulia. Danson alikuwa amebatizwa na hakutaka hata kusikia. Alileta saruji akaliziba kaburi lote, na kaka yake alipokuja kumsihi, alimwambia mbele ya waombolezaji kwamba hatakubali baba yake achezewe na washenzi. Ndilo neno alilotumia. Mwandawiro hakujibu. Alichukua fimbo yake akapanda mlima.

Sasa, kwa Wadawida, watu wa kina Danson, mtu anayepiga kelele hana hatari. Wa kuogopwa ni yule anayeondoka kimya, kwa kuwa hasira ameondoka nayo moyoni, na hasira ya mkubwa ikikaa moyoni huitesa nyumba ya mdogo: leo mtoto anaugua, kesho mbegu haioti. Dawa yake ni kutasa. Aliyekasirika hujaza kinywaji kinywani, akakitema nje kwa manyunyu huku akisema maneno ya amani, na hasira hutoka nacho. Hakuna anayeweza kumtasia mwenzake hasira isiyo yake. Lazima awe mwenyewe, tena kwa hiari, na aliyemkosea ndiye anayepaswa kumwendea na kumwomba. Zamani kinywaji chenyewe kilikuwa pombe ya miwa.

Alice aliniambia kwamba saruji haikuwa hata imekauka Danson alipoanza kujuta. Lakini mzee wa kanisa atabebaje pombe mlimani? Alifikiri sana, akapata njia: atapanda miwa, ikikomaa ataibeba yenyewe mpaka Mghange, na huko itatwangwa na kukamuliwa, kaka yake atase kwa maji matamu kabla hayajachachuka. Hapo kaka hatalalamika, na mchungaji hatalalamika. Nilimsifu kwa akili ile, na bado namsifu.

Kisha akaiharibu kwa tabia yake. Miwa ya kwanza akasema ni myembamba, si ya kumpelekea mtu unayemwomba msamaha. Ya pili ikaingiwa na mchwa. Akaagiza mbegu nyingine kutoka Taveta, minene na laini, akaipanda bondeni kwa kamba ileile ya mahindi. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akacheka akaniuliza ni lini Wakamba waligeuka kuwa walimu wa subira. Wakati mmoja nilitaka kupanda mlima mwenyewe nikaongee na Mwandawiro, lakini Kimeu alinizuia. Aliniambia ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Basi nikashika jembe.

Mwaka ule mvua za vuli zilikuja kwa fujo. Mto Voi, ambao kwa miezi mingi ni mchanga tunaouchimba kutafuta maji, ulijaa ukingo kwa ukingo na kubeba miti mizima. Maji yalipopungua, kwenye kona iliyo chini ya miwa ya Danson likabaki bwawa refu lenye kina. Na ndani ya bwawa, kiboko.

Ndovu tuliwazoea, wakija tunapiga madebe na kuomba Mungu. Nyani na nguruwe mwitu walikuwa kama majirani wabaya. Lakini kiboko hapakuwa na mtu Mbololo aliyewahi kumwona karibu na nyumba yake. Wengine walisema alifuata mafuriko kutoka mto Galana, wengine wakasema ametoroka vita na mwenzake huko mbugani, maana alikuwa na kovu refu ubavuni. Alice ndiye aliyemwona kwanza. Alikwenda kuchota maji, akaona jiwe jipya bwawani, na alipoinama jiwe likatikisa masikio. Debe alilolitupa siku ile tulilikuta baadaye limekanyagwa likawa bapa kama sahani.

Jua lilipoanza kupoa kiboko akatoka majini. Akapita kando ya mahindi bila haraka, akaingia kwenye miwa. Na miwa ile, baada ya miaka yote, ilikuwa imekomaa. Danson alikuwa ameshatangaza nyumbani kwamba Jumamosi anapanda Mghange.

Tulikimbilia huko kwa madebe na vijinga vya moto. Kimeu alikuja na upinde, na nikimtazama usoni nilijua anaona nyama, si mnyama. Ghafla tukasikia filimbi. Danson alikuwa amesimama kwenye njia, mkono juu, kama siku zile za genge, akatuamuru tuache. Nikadhani amerukwa na akili. Akatukaribia akasema kwa sauti ya chini, "Mwacheni ale. Huyu ndiye atamleta kaka."

Ilibidi Alice anieleze. Baba yao alikuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani, akabeba mizigo mpaka upande wa Taveta, na kule Ziwa Jipe aliona viboko. Aliporudi aliwasimulia wanawe wawili jioni baada ya jioni, akijaza mashavu na kutembea kwa mikono na magoti kuwaonyesha. Danson alikuwa akisinzia. Mwandawiro ndiye aliyetaka arudiwe tena na tena: kinywa chake kina rangi gani, na je, ni kweli mnyama mkubwa hivyo ana masikio madogo hivyo? Aliapa kwamba hatakufa kabla hajamwona kiboko kwa macho yake. Basi Danson akapiga hesabu zake. Habari zitapanda mlima, kaka atashuka kwa miguu yake, watasimama ukingoni wawili wakimtazama, na hapo maneno yatakuja yenyewe. Miwa itakayobaki itatosha. Hakika wazo lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio uliotupumbaza sote, hata mimi.

Habari zilisambaa kweli. Watu walikuja kutoka Sagalla, kutoka mashamba ya mkonge, kutoka mjini Voi. Mwenye duka mmoja Mhindi alileta familia yake yote kwa lori, wakala chapati ukingoni kama wako sikukuu. Katekista alikaribia mno kwa nyuma, na kiboko akazungusha mkia akamrushia mavi kanzu nzima. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na katekista naye, baada ya muda, akacheka. Askari wa Bwana Nyama, mkuu wa wanyamapori, alifika na bunduki akitaka kumfukuza arudi mbugani. Danson akamwambia miwa ni yake na yeye hajalalamika, akamnywesha chai, askari akaondoka.

Nyumba ile ambayo ndugu walikuwa wameanza kuiepuka, wakiogopa hasira iliyoning'inia juu yake, sasa haikukosa wageni. Danson alinenepa kwa furaha. Alileta kiti cha kukunja alichopewa alipoacha kazi ya reli, akakiweka ukingoni mahali ambapo bwawa linaonekana lote, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Mama mzazi wa Alice alipokuja, bibi mzee na magoti yake mabovu, aliambiwa kwa heshima zote akae kwenye majani. Kile kilikuwa kiti cha kaka.

Kila jioni kiboko alikula. Nikamuuliza Danson kama hajui kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu umpe jembe, na huyu wake atapewa lini. Akanijibu kwamba mgeni wake yuko kazini tayari. Alimuuliza kila aliyefika kama amepitia Mghange, na kama kaka amesikia. Mtu mmoja alimwambia kwamba Mwandawiro haonekani sana siku hizi. Danson akatikisa kichwa akasema huyo ni yeye kabisa, ukaidi alizaliwa nao.

Kisha akaja Mable.

Mable alikuwa binti wa Mwandawiro, msichana mkubwa aliyekaribia kuolewa. Nilikuwapo. Alishuka kilimani na vumbi mpaka magotini, akamwamkia shikamoo baba mdogo, na Danson kwa furaha akaisahau miwa aliyotaka kumkatia. Alice ndiye aliyemkatia. Mable alisema ametumwa na baba yake aje amtazame kiboko vizuri, arudi amweleze. Alikuwa na maswali aliyopewa: kinywa kina rangi gani kwa ndani, na masikio je, ni madogo kama babu alivyosema? Danson alisikiliza huku akitabasamu, akamshika bega akamgeuza kuelekea kile kiti.

"Mwambie kaka maneno hayatoshi," alisema. "Aje ajionee mwenyewe. Kiti chake kiko hapa, hakuna mwingine amekikalia."

Mable alikitazama kiti, machozi yakamtoka, akasema ni vumbi la njiani. Alisimama pale muda mrefu kuliko mtu anayetazama kiboko. Danson alikuwa akieleza jinsi mnyama anavyopanda ukingo, jinsi askari alivyokuja, jinsi katekista alivyochafuka. Hatimaye msichana aliaga akapanda mlima.

Jambo ambalo mimi na Alice hatukulijua siku ile ni hili. Mwandawiro alikuwa hawezi tena kutoka mlangoni. Miguu ilimvimba, pumzi ikamwishia, na kulala alilala ameketi. Alikuwa amemkataza Mable kusema. Alimwambia kwamba Danson akija, aje kwa moyo wake, si kwa kuogopa maiti. Hivyo wazee wawili walikaa, mmoja juu na mmoja chini, kila mmoja akimngoja mwenzake aje kwa hiari. Na Mable aliniambia baadaye maneno ambayo hayajaniacha. "Nilikatazwa kusema, Mama Mutiso. Lakini sikukatazwa kujibu. Nilingoja aniulize tu kama baba hajambo. Angeniuliza, singeweza kumficha."

Hajambo? Ndilo swali tunalomuuliza hata mpita njia. Tunauliza hali ya watoto, ya ng'ombe, ya mbuzi. Danson hakuwahi kumkosesha mtu salamu maisha yake yote, na siku ile, kwa binti wa kaka yake, salamu ilimezwa na kiboko. Huwa naona hasira nikikumbuka, kisha hasira inageuka huruma, kisha inarudi kuwa hasira.

Mvua zilikatika. Bwawa likaanza kupungua, na miwa pia. Jioni moja tulikuwa ukingoni sisi majirani tu, maana wageni walikuwa wameshamchoka. Kiboko akaibuka, akapuliza maji puani, manyunyu yakaruka juu na kutuangukia. Alice, ambaye alikuwa amevumilia mengi, akamgeukia mumewe.

"Unaona? Hata kiboko anatasa kwa maji matupu," alimwambia. "Kwani wewe unangoja nini? Kaka yako angetasa hata kwa maji. Wazee walifanya hivyo mwaka wa njaa."

Danson alijibu kwamba maji ni ya mtu asiye na shamba, na kwamba hatamwendea kaka yake mikono mitupu, baada ya neno lile alilomtamkia. Nilimwelewa. Alikuwa anaona aibu, na mwenye aibu hupenda kujificha nyuma ya zawadi.

Asubuhi moja kiboko hakuwapo. Nyayo zake zilifuata mchanga kuelekea chini, kubwa kama sufuria, zikapotea kwenye mawe. Danson alitembea katika bonde lake kuanzia juu mpaka chini. Palikuwa na visiki na matope yaliyokanyagwa. Kando ya ua wa miiba ilibaki miwa michache tu, ile ambayo mnyama hakuifikia. Alisimama mbele ya kile kiti lakini hakukikalia. Kisha akakikunja, akamwambia Alice wakate miwa iliyobaki, kesho wanapanda Mghange. Hakutafuta kamba nzuri ya kuifunga, aliifunga kwa gome la mgomba. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akifanya jambo kabla halijawa tayari.

Alice aliniomba nimsaidie kubeba, na Kimeu safari hii hakutoa methali. Tulitoka alfajiri. Danson alitangulia na kiti begani, maana alisema kaka akikubali kushuka atakihitaji njiani kwa kupumzika. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Alituonyesha mahali walipokuwa wakitega ndege na kaka yake, na jiwe walilolitelezea hadi kaptula zikatoboka. Kadiri tulivyopanda baridi iliongezeka, na tulipofika kwenye migomba ya Mghange tulikuwa tumejifunga leso mpaka masikioni.

Nje ya nyumba ya Mwandawiro watu walikuwa wameketi kimya. Kando ya migomba udongo ulikuwa mwekundu, mpya. Alikuwa amezikwa jana yake. Kijana aliyetumwa kutuletea habari alikuwa amepita njia ya Wundanyi, tukapishana naye bila kujua.

Danson alitupokea miwa akaiweka chini polepole, kama mtu anayeogopa kuivunja. Mjane, Wakio, akatoka kumpokea. Hakulia wala hakumlaumu, na nadhani angemlaumu ingekuwa nafuu. Alimshika mkono akamwingiza ndani, nasi tukafuata mpaka mlangoni. Pembeni ya kitanda, juu ya kigoda, palikuwa na kikombe cha bati kimefunikwa kwa sahani.

"Tangu Mable arudi kutoka kwenu, kila asubuhi aliniambia nibadilishe maji haya," Wakio alisema. "Alisema Danson anaweza kuingia wakati wowote, asije akakosa cha kutasa."

"Maji tu?" Danson aliuliza.

"Maji tu, shemeji."

Alikichukua kikombe, akatoka nacho mpaka pale penye udongo mwekundu. Akajaza maji kinywani. Waliokuwa wameketi wakasimama wote. Lakini angetema nini? Hasira haikuwa yake, na mwenyewe alikuwa ameondoka nayo, au pengine alikuwa hana hasira tena kwa muda mrefu, ila hapakuwa na aliyekuja kumpa nafasi ya kuitoa. Danson alisimama mashavu yamejaa, machozi yakimtiririka, akitutazama mmoja mmoja kana kwamba tungemwelekeza. Mwisho akayameza.

Akakikunjua kiti chake cha reli, akakiweka mbele ya kaburi, kitupu. Yeye mwenyewe alichutama chini kando yake.

"Kaka," alisema, "kinywa chake ni chekundu ndani, kama tikiti. Na masikio ni madogo kweli, vile baba alivyosema."

Akaendelea kueleza, moja baada ya jingine, jinsi anavyotembea, jinsi anavyopuliza maji, na kovu lililokuwa ubavuni. Mable alikuja akachutama karibu naye, akasikiliza mpaka akamaliza.